Mashine ya Kushinda Kelele

Inaitwa 1959, lakini usidanganyike: huo si mwaka. Ni namba ya modeli tu. Marshall 1959 Super Lead ilianza kutengenezwa London mwaka wa 1965, ikiwa na wati 100, na hadi leo ukimtajia mpiga gitaa wa roki jina hilo utaona macho yanamwaka. Ni nzito, inachemka, ndani ina umeme wa kuua mtu, na karibu hakuna mahali mjini unaweza kuipigia kwa sauti yake kamili bila jirani kuita polisi. Sasa mbona bado inatamaniwa hivyo?

Mimi hupiga gitaa usiku nikiwa na hedfoni, kwenye fleti ambayo kuta zake hupitisha hata kikohozi. Sauti ninayochagua kwenye kompyuta, karibu kila mara, ni nakala ya amplifaya hii. Nikataka kujua ni nini hasa nimerithi. Hadithi yenyewe inaanza na shida ya kawaida kabisa: watu walikuwa hawasikii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bendi haikuwa na mitambo tunayoiona leo kwenye konsati. Waimbaji walipewa spika ndogo za ukumbi, basi. Gitaa lilitegemea amplifaya yake peke yake, pale jukwaani, lifike hadi mtu wa mwisho nyuma. Kwa densi ya ukumbi mdogo, sawa. Lakini tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Kampuni ya Vox ilikuwa imewaundia amplifaya za wati 100, kubwa sana kwa wakati huo. Mayowe yakazimeza. Wenyewe walikuwa hawajisikii vizuri wakicheza. Wati zilikuwa zinatafutwa kwa sababu hiyo, kabla hazijawa za kuringia.

Miaka michache kabla ya hapo, huko Hanwell magharibi mwa London, kulikuwa na duka la muziki la Jim Marshall. Jamaa mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa mpiga drams na mwalimu wa drams aliyefungua duka mwaka wa 1960. Vijana wapiga gitaa, Pete Townshend na Ritchie Blackmore wakiwemo, walikuja wakilalamika: Fender za Marekani ni ghali mno, na za Uingereza hazina nguvu wala ladha wanayoitaka. Fundi wa duka, Ken Bran, akamleta kijana aliyeitwa Dudley Craven, aliyekuwa akijifunza kazi kwenye kampuni ya EMI. Wakachukua mchoro wa umeme wa Fender Bassman, amplifaya iliyokusudiwa gitaa la besi, wakaunda yao kwa vipuri walivyoweza kupata Uingereza: transfoma tofauti, tyubu tofauti, spika za Celestion ndani ya kasha lililofungwa nyuma. Mwaka wa 1962 ikatoka JTM45.

Yeyote aliyewahi kutembea Gikomba au Kamukunji anaijua mbinu hii. Fundi anaangalia kitu cha ng'ambo, anakiiga kwa alichonacho, na kwa sababu alichonacho si kilekile, kinachotoka kinakuwa na tabia yake. Wala sioni aibu yoyote hapo. Linalonikera ni jambo lingine: jina lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa nyeupe ni la mwenye duka. La kijana aliyechora na kulehemu utalipata tu ukilitafuta.

Kisha Townshend na John Entwistle wa The Who wakaanza kushindana nani atamzidi mwenzake jukwaani, huku nyuma yao Keith Moon akizitwanga ngoma kama anadaiwa. Wakamrudia Marshall: tunataka wati 100. Townshend alitaka pia kasha moja lenye spika nane. Likatengenezwa. Inasimuliwa kwamba wabeba vyombo wake waligoma, na haki yao, kwa sababu uzito ulikuwa wa kuvunja mgongo. Suluhisho likawa makasha mawili ya spika nne nne, moja juu ya lingine, na amplifaya juu yao kama kofia. Ule mnara mweusi unaouona kwenye kila picha ya roki ulizaliwa kwa sababu ya migongo ya watu.

Sasa shika hili, maana linawashangaza wengi. Wati 100 hazitoi sauti mara mbili ya wati 50. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na sikio linaona mabadiliko madogo. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili", unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Yaani wati 100 ni kama mara mbili tu ya wati 10. Zile nguvu nyingine zinafanya kazi gani? Zinampa mpiga gitaa nafasi. Noti inatoka kifuani ikiwa nzima, besi haipotei, na mkono wa kulia ukigonga kwa nguvu, spika nayo inakugonga.

Halafu kuna tyubu zenyewe. Ndani ya kioo kisicho na hewa, chuma kinapashwa moto hadi kinatoa elektroni. Mbele yake kuna wavu mwembamba unaopokea ishara dogo la gitaa, na ng'ambo kuna bamba lenye mamia ya volti. Wavu unafungua na kufunga njia kama askari wa trafiki. Ukiizidishia kazi, tyubu haikati sauti ghafla. Inaanza kuibana polepole, inaongeza milio mingine juu ya noti, na sauti inakuwa nene yenye kukwaruza. Kwa wahandisi wa enzi hizo huo ulikuwa ubovu.

Wanamuziki wakaupenda huo ubovu. Tayari mwaka wa 1951, wimbo "Rocket 88" ulirekodiwa Memphis kwa amplifaya iliyoharibika, na ule mkwaruzo ukaachwa. Mwaka wa 1966 Eric Clapton akiwa na John Mayall aliingia studio na Marshall akakataa kuipunguza sauti, kwa sababu alichotaka kilipatikana juu tu. Mwaka huohuo Jimi Hendrix alifika London, na mpiga drams wake Mitch Mitchell, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Jim Marshall, akamkutanisha na mwenye duka. Kufikia Woodstock mwaka wa 1969, minara ile ilikuwa nyuma ya Hendrix.

Lakini bili ilikuja. Tarehe 31 Mei 1976, sauti ya The Who kwenye uwanja wa Charlton, London, ilipimwa desibeli 126 ukiwa mita 32 kutoka kwa spika. Ikaingia Guinness kama rekodi. Townshend mwenyewe amesema wazi kwa miaka mingi kwamba masikio yake yameharibika na yanavuma, na alichangia shirika la HEAR lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1988 kuwatahadharisha wanamuziki. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanasema desibeli 85 ni saa nane. Kila desibeli 3 juu ya hapo, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Fikiria hilo ukiwa kiti cha nyuma cha matatu, spika iko chini yako, na jam ya Thika Road haisongi. Seli za kusikia zikifa, hazioti tena.

Kinachonivutia ni kwamba ile shida ya kwanza ilikwisha zamani. Mitambo ya ukumbi ikaboreka, maikrofoni ikawekwa mbele ya spika ya gitaa, na amplifaya ya wati 20 ikatosha uwanja mzima. Transista zilikuwepo tangu 1947, nyepesi na nafuu. Kwa hesabu, mnara ulipaswa kufa. Badala yake tyubu zinaendelea kutengenezwa Slovakia, China na Urusi, sanasana kwa ajili ya wanamuziki, na Urusi ilipozuia bidhaa kutoka nje ya nchi Machi 2022, wapiga gitaa duniani waliingiwa na hofu kama wanaosubiri mafuta.

Nadhani tunachotamani ni sauti ya kitu kinachofikishwa mwisho wa uwezo wake. Ukipiga polepole inatulia, ukipiga kwa hasira inalalamika, na unasikia kwamba imekusikia. Ule mwisho ulipatikana kwa bahati, na watu waliokuwa wanatafuta tu kusikika. Sisi tunaweza kuupata kwa sauti ya chini, kwenye simu hata, bila kulipa kwa masikio. Deni letu ni dogo: tuyalinde masikio, na tukiutaja mnara wa Marshall tumtaje pia Dudley Craven.