Miaka Iliyojengewa Ukuta

Mwaka 1944, vita vilipokuwa vikipanda kutoka Roma kuelekea kaskazini, Tancredi Biondi Santi na mwanawe Franco walishuka katika ghala lililo chini ya nyumba yao huko Montalcino, Italia. Walizipanga upande mmoja chupa za mavuno ya zamani, wakajenga ukuta mbele yake. Majeshi yakaja, yakapita, na chupa zikasalimika. Kufikia wakati ule familia hiyo ilikuwa imetoa mvinyo wa daraja la juu kabisa, unaoitwa Riserva, mara tatu tu: 1888, 1891 na 1925. Mvuno wa nne uliostahili jina hilo ulikuja mwaka uliofuata, 1945. Miaka 57, mavuno manne.

Uchaguzi huo mkali ndio ulioifanya Montalcino, mji mdogo ulio juu ya kilima kusini mwa Siena, kuwa mahali ambapo watu hukaa mezani kulinganisha mwaka na mwaka kama wazee wanaosimulia mwaka wa nzige na mwaka wa Elnino.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Katika karne ya 19, mvinyo mwekundu wa mkoa huo wa Toscana ulichanganywa na zabibu nyeupe ili ulainike mapema, ukanywewa ungali mchanga. Mfamasia mmoja wa Montalcino, Clemente Santi, alitaka mvinyo wa kudumu, na mwaka 1869 mvinyo wake wa 1865 ulipata tuzo katika maonyesho ya kilimo ya Montepulciano. Mjukuu wake Ferruccio, wa familia hiyohiyo ya Biondi Santi, alikwenda mbali zaidi. Katika shamba la familia, Greppo, aliteua mizabibu ya aina moja tu, Sangiovese, akaziacha zabibu nyeupe, kisha akaulaza mvinyo kwa miaka katika mapipa makubwa ya mwaloni. Majirani walitaka kuuza upesi. Yeye alikuwa anatengeneza kitu ambacho huenda angekufa kabla hakijaiva vizuri. Kikaitwa Brunello.

Kwa nini mwaka uwe na uzito kiasi hicho? Kule Dodoma, ambako wamisionari wa Kiitalia walishiriki kukiingiza kilimo cha zabibu, mzabibu hauna majira ya baridi ya kuulaza, na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mvuno mmoja ukiharibika, miezi michache baadaye kuna mwingine. Huko Montalcino mzabibu hulala, huchipua Aprili, na huvunwa mara moja tu, Septemba au Oktoba. Tena sheria ya Brunello inataka Sangiovese peke yake, basi hakuna zabibu nyingine ya kufichia kasoro. Na Sangiovese haifichi kitu. Ngozi yake nyembamba ikinyeshewa karibu na mavuno, huoza. Joto likizidi, sukari hupanda mbio huku uchachu ukishuka, na ngozi haijapata muda wa kukomaa. Ukakasi wake, ule unaokunja ulimi kama bibo, hubaki mkavu na mkali. Mwaka ukienda taratibu, jua la mchana na ubaridi wa usiku vikapokezana hadi vuli, ukakasi huohuo huwa uti wa mgongo unaoubeba mvinyo miaka 50.

Mvuno wa Biondi Santi wa 1955 ni ushahidi. Mwaka 1969 Rais Giuseppe Saragat aliuandaa katika karamu ya Malkia Elizabeth II kwenye ubalozi wa Italia, London. Miaka 30 baadaye jarida la Wine Spectator la Marekani liliuweka katika orodha ya mivinyo 12 bora ya karne ya 20, na humo hapakuwa na mwingine wa Italia.

Mimi navutiwa zaidi na 1985. Januari ya mwaka ule ilileta baridi kali mno, mizeituni ya Toscana ikakauka kwa maelfu. Aliyesimama shambani mwezi ule angeuandika kuwa mwaka wa msiba. Lakini mizabibu ilikuwa usingizini, kiangazi kikaja kizuri, na umoja wa wazalishaji wa Brunello, ambao wakati huo ulipima kila mvuno kwa nyota, ukaupa 1985 nyota zote tano. Mwaka uleule uliomwangusha mkulima wa mizeituni ulimwinua jirani yake.

Nyota hizo zilikuwa na udhaifu wake, kwani zilitolewa mvinyo ukiwa bado mchanga. 1997 ulipata tano kwa joto na unono wake, ukashangiliwa kote. 2010 nao ulipata tano, ila ulikuwa mwaka wa ubaridi, uliokwenda taratibu. Anayependa mvinyo uliofunguka mapema atautetea wa kwanza. Kwangu mimi kipimo cha Brunello ni uzee, na hapo 2010 unasimama imara zaidi. Brunello huingia sokoni Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, Riserva ya sita, na hata hapo hukumu huwa haijakamilika.

Familia ya Biondi Santi ililijua hilo, ikaanzisha desturi ya kuwauguza wazee. Mvinyo ukikaa miongo mingi, hupungua kidogo kidogo kupitia kizibo, na hewa inayoingia huuchakaza. Mwaka 1927 Tancredi alifungua chupa za 1888 na 1891, akazionja, zilizo nzima akazijaliza kwa mvinyo wa mwaka uleule, akatia vizibo vipya. 1888 hujalizwa kwa 1888. Huwezi kuazima kwa mwaka mwingine, hivyo chupa moja hutolewa ili nyingine ziishi. Kwa uangalizi wa namna hiyo Franco aliweza, mwaka 1994, kuwaalika waonjaji Greppo na kuwawekea mezani mavuno ya karne nzima, kuanzia 1888 hadi 1988.

Kisha ukaja mtihani wa sheria ile ya Sangiovese peke yake. 2002 ulikuwa wa mvua. 2003 ulikuwa wa joto lililoua maelfu ya watu Ulaya. Mvinyo wa 2003 ulipofika sokoni mwaka 2008, waendesha mashtaka wa Siena walikuwa wakichunguza wazalishaji kadhaa kwa tuhuma za kuchanganya zabibu nyingine. Wapo waliotaka sheria ilegezwe. Wanachama wa umoja wa wazalishaji wakapiga kura, na wengi mno wakaamua Sangiovese ibaki peke yake. Nauheshimu uamuzi ule. Ukiruhusu mchanganyiko, unaweza kuusahihisha mwaka mbaya, lakini hutaweza tena kuujua.

Miaka minne baadaye, usiku wa kuamkia Desemba 3, 2012, mtu aliingia katika ghala la Case Basse, shamba la Gianfranco Soldera. Hakuiba hata chupa. Alifungua koki za mapipa, moja baada ya jingine, akaondoka. Lita zipatazo 62,600 zilimwagika sakafuni: mavuno sita, 2007 hadi 2012, yote yakiwa bado yanaiva. Mfanyakazi wa zamani wa shamba hilo alihukumiwa kwa kosa hilo.

Soldera alikuwa na umri wa miaka 75. Mapipa yakasafishwa, na msimu uliofuata akavuna tena. Kilichookolewa katika miaka ile sita kilikuwa kidogo sana. Kwa hiyo leo watu wanapokaa Montalcino kuulinganisha mvuno wa 2010, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, ni wachache mno watakaobahatika kuuonja ule wa Case Basse.