Chupa ya Mafuta na Uchungu wa Mama

Mwaka wa pili tangu nibarikiwe kuwa mchungaji, bibi mmoja mkunga alinijia baada ya ibada katika mtaa mmoja wa huku kwetu Kibakwe. Mkononi alishika chupa ya soda iliyozibwa kwa kigunzi cha hindi. Ndani mlikuwa na mafuta ya nyonyo, aliyoyakamua mwenyewe. Akasema, "Mchungaji, niombee haya mafuta. Kuna binti anakaribia, nitamkanda mgongo."

Nilikataa. Nilimwambia kuwa mambo ya chupa ni njia ya ushirikina, na kwamba uchungu wa kuzaa uliwekwa na Mungu mwenyewe katika kitabu cha Mwanzo, basi mama avumilie na kuomba. Bibi aliinamisha kichwa, akajibu, "Haya, baba," akaondoka.

Jamaa za yule binti walikuwepo, wakasikia. Siku ilipofika hawakumwita bibi, wala hawakwenda kituo cha afya. Binti alikaa na uchungu siku mbili ndani ya nyumba, akiambiwa avumilie. Usiku wa pili wakampakia kwenye pikipiki. Yeye alipona. Mtoto hakupona, na mimi ndiye niliyeitwa kuzika.

Nimeandika habari hii kwa sababu swali limerudi. Mwaka huu, katika kikundi cha wanawake cha usharika, dada mmoja alileta vichupa vidogo vya mafuta ya kunukia kutoka mjini Dodoma. Muuzaji alimwambia kuwa mama akiyanusa na kupakwa atajifungua bila maumivu. Akina mama wakauliza: Je, ni dhambi? Je, ni kweli? Safari hii sikujibu haraka. Niliomba muda nisome namna Kanisa lilivyolijibu swali hili kabla yangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Neno la Mwanzo

Tuanze na andiko nililolitumia vibaya. Katika Mwanzo 3:16 mwanamke anaambiwa habari ya uchungu katika kuzaa. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni itsavoni. Mstari unaofuata, wa 17, Adamu anaambiwa habari ya ardhi iliyolaaniwa, kwamba atakula mazao yake kwa itsavoni. Ni neno lile lile. Uchungu wa mama na taabu ya mkulima vimeitwa kwa jina moja.

Sasa nani kati yetu amewahi kusimama mimbarani akakataza jembe la kukokotwa na ng'ombe? Nani amekataza trekta au mashine ya kukamua alizeti, kwa kuwa Mungu alisema mwanamume atakula kwa taabu? Hakuna. Kila mzee wa kanisa hushukuru taabu yake ikipungua. Mume aliyepunguziwa taabu ya mstari wa 17 hana haki ya kumnyima mkewe nafuu katika mstari wa 16.

Tena ukiendelea mpaka Mwanzo 5:29, utamkuta Lameki akimpa mwanawe jina la Nuhu, kwa tumaini kwamba mtoto huyu atawafariji katika taabu ya mikono yao. Neno ni lile lile kwa mara ya tatu. Basi Biblia yenyewe, kurasa mbili tu baada ya Edeni, imeanza kutazamia nafuu. Mstari wa 16 unaeleza dunia ilivyo baada ya anguko. Si amri kwamba pawe na maumivu, wala si katazo la kuyapunguza.

Luther wa 1522 na Luther wa 1542

Sisi Walutheri tunapenda kumnukuu baba yetu Martin Luther, basi tumsikilize na pale anapotuumiza. Mwaka 1522 aliandika kitabu kuhusu maisha ya ndoa. Kina mambo mazuri: anamsifu baba anayefua nepi za mtoto kwa imani, hata watu wakimcheka. Anafundisha pia kwamba mama aliye katika uchungu asifarijiwe kwa hadithi za watakatifu, bali aambiwe kuwa kazi anayoifanya inampendeza Mungu. Lakini ndani ya kitabu hicho hicho amesema neno gumu, kwamba hata wanawake wakichoka na kufa kwa kuzaa, si kitu, kwa kuwa ndiyo kazi waliyowekewa.

Alipoandika hayo Luther hakuwa na mke. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Wakapata watoto sita. Elisabeth akafa mwaka 1528 kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1540 mimba ya Katharina iliharibika, naye akaugua hata akakaribia kufa. Luther aliyaona hayo ndani ya nyumba yake.

Mwaka 1542 akaandika tena, safari hii waraka mfupi wa kuwafariji wanawake ambao mimba zao zimeharibika au watoto wao wamekufa wakati wa kuzaliwa. Ndani yake anawaonya watu wasiwalaumu akina mama hao. Anafundisha kwamba kuugua kwa mama, hata pale asipoweza kutamka neno, kunahesabiwa na Mungu kuwa ni maombi. Mwaka huo huo alimzika binti yake Magdalena, aliyekuwa na umri wa miaka 13.

Niliposoma nyaraka hizo mbili pamoja nililia. Mimi nilikuwa nimehubiri kama Luther wa 1522, kijana mwenye andiko mkononi ambaye hajakaa mlangoni pa chumba cha mama. Na siku ya maziko ya mtoto yule sikuwa na neno la Luther wa 1542.

Edinburgh, 1847

Swali lilirudi kwa nguvu katika karne ya 19. James Young Simpson, profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, na mwamini wa Kanisa la Kipresbiteri, aliwapa akina mama dawa ya usingizi ya etha mnamo Januari 1847. Novemba mwaka huo akaanza kutumia klorofomu. Watu wakapinga. Wapo waliotumia Mwanzo 3:16, ingawa wanahistoria wanatuonyesha kuwa upinzani wa Kanisa haukuwa mkubwa kama ulivyokuja kusimuliwa. Madaktari wenzake nao walikuwa miongoni mwa waliompinga.

Simpson alijibu kwa Biblia. Kabla mwaka haujaisha alitoa kijitabu, akachambua maneno ya Kiebrania, na akataja taabu ya mkulima kama tulivyofanya hapo juu. Akakumbusha pia Mwanzo 2:21: Mungu alipotaka kutwaa ubavu wa Adamu, kwanza alimletea usingizi mzito. Tarehe 7 Aprili 1853 Malkia Victoria, mkuu wa Kanisa la Uingereza, alimzaa mwanawe Leopold akiwa amepewa klorofomu na daktari John Snow. Baada ya hapo waliothubutu kuiita dhambi walipungua. Mwaka 1956 Papa Pius XII naye alitamka mbele ya madaktari kuwa Maandiko hayamkatazi mama kujifungua bila maumivu.

Hata hivyo historia hiyo ina onyo. Tangu mwaka 1848 klorofomu ilianza kuua baadhi ya wagonjwa, kwa kuwa watu walikuwa bado hawajaijua vizuri. Nia njema pekee haikutosha.

Na hayo mafuta?

Mafuta si kitu kigeni katika imani yetu. Msamaria mwema alitia mafuta na divai katika majeraha. Yakobo aliwaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Mamajusi walimletea mtoto Yesu uvumba na manemane, na vyote viwili ni utomvu wa miti ya kunukia. Huku kwetu mnyonyo huota hata nyuma ya nyumba, na tunalima karanga, ufuta na alizeti. Madaktari wa misheni hawakuchelewa kufika katika wilaya yetu: Waanglikana wa CMS waliweka kituo Mpwapwa mwaka 1878, na daktari Edward Baxter alikuwa mmoja wao. Ila kwa muda mrefu sisi watu wa Kanisa tulijifunza kuiheshimu chupa ya daktari na kuidharau chupa ya bibi, bila kuuliza kilichomo ndani ya yoyote kati ya hizo.

Vichupa vile vya mjini ni mafuta ya namna nyingine. Hayakamuliwi kama alizeti. Mmea huchemshwa kwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta machache yenye harufu kali hutenganishwa na maji. Pemba wanafanya hivyo katika kiwanda cha Wawi, ambako makonyo ya karafuu hutoa mafuta ya karafuu. Jina la tiba hii ya harufu lilitungwa na mkemia wa Ufaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyetoa kitabu chake mwaka 1937.

Je, yanasaidia wakati wa uchungu? Wakunga wa hospitali moja kubwa ya Oxford, Uingereza, waliyatumia kwa miaka minane, kuanzia 1990 hadi 1998, kwa akina mama 8,058. Zaidi ya nusu ya akina mama walisema yaliwasaidia, hasa kutuliza hofu, na waliodhurika walikuwa wachache sana. Lakini akina mama hao hawakulinganishwa kwa kura na wengine wasioyatumia. Mwaka 2011 wataalamu walipokusanya majaribio yaliyofanywa kwa kulinganisha, walipata mawili tu, yenye akina mama 535, na hawakuona tofauti ya maumivu iliyo wazi.

Basi jibu langu kwa kikundi cha wanawake lilikuwa hili. Si dhambi. Lakini anayekuahidi kujifungua bila maumivu kwa kunusa kichupa anakudanganya, hata akitaja jina la Yesu. Mafuta hayo hayanywewi. Hayapakwi hivi hivi, maana huunguza ngozi. Huchanganywa matone machache katika mafuta ya kawaida, na mkunga wa kituo aambiwe kwanza. Hayazuii damu kutoka, wala hayamgeuzi mtoto aliyelala vibaya.

Tena tusiyachanganye na kitu kingine kinachofichwa kwenye mikoba yetu, yaani mizizi na majani ya kuongeza uchungu. Hayo hayatulizi maumivu, bali huchochea mfuko wa uzazi ukaze kwa nguvu isiyopimwa, na unaweza kupasuka. Mafuta ya nyonyo yakinywewa nayo yanaweza kuuchochea. Mama aliyekunywa kitu amwambie mkunga bila kuogopa, na sisi tusimfanye aogope kusema.

Mikono iliyo karibu

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa kujifungua. Kati ya mambo linayoshauri ni mama awe na mtu wa karibu aliyemchagua mwenyewe, na akitaka kupunguza maumivu akandwe au awekewe kitambaa cha moto. Nilipousoma nilimkumbuka bibi. Alichotaka kufanya ni hicho: kukaa na binti na kumkanda mgongo. Kama ningempokea, ningeweza kumwambia, "Bibi, nenda naye mpaka kituoni, na chupa yako." Angesikilizwa, kwa kuwa binti alimwamini.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa nusu tu ya watoto walizaliwa katika vituo vya huduma. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81. Vifo vya akina mama vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini wapo wanaobaki nyumbani, na baadhi yao wanabaki kwa sababu ya maneno tuliyoyasema kanisani.

Yesu hakuyatumia maumivu ya mama kuwa fimbo. Katika Yohana 16:21 aliyataja kwa huruma, akazungumzia furaha inayoyafuata. Kanisa linaloitwa kwa jina lake limewekewa kazi ya kuipata pikipiki mapema, kuchangia mafuta ya gari, kumwombea mama kwa jina, na kuhakikisha hayuko peke yake.

Yule bibi alilala mauti miaka michache baadaye. Kabla ya hapo nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Alinikaribisha kigoda, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, wewe ulikuwa mtoto." Nikamwomba alete chupa yake. Akaileta, ikiwa bado imezibwa kwa kigunzi. Tukaishika pamoja tukawaombea akina mama wote wa mtaa ule wanaokaribia kujifungua. Na wewe msomaji, ukimfahamu mmoja aliye karibu, leo mtembelee. Muulize nani atakwenda naye.