Glasi za Painti za Kiingereza: Jinsi ya Kusoma Alama ya Taji Kabla ya Kununua

KAMPALA – Uganda ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia mwaka 1894 hadi ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na vipimo vya Kiingereza kama ratili, galoni na painti vilitumika sokoni. Hivyo mfanyabiashara wa vitu vya kale asishangae akiletewa glasi nzito yenye taji dogo karibu na mdomo. Swali ni kama ni ya zamani kweli, na jibu limo ndani ya alama hiyo.

Painti ya Kiingereza ni mililita 568. Kufuatia Sheria ya Vipimo ya mwaka 1878, Uingereza ilianza kutumia muhuri wa mfumo mmoja kuthibitisha kuwa chombo kimekaguliwa: taji, herufi za mfalme au malkia, na namba. Mnunuzi afuate hatua zifuatazo:

1. Ipapase alama. Muhuri wa zamani uliwekwa kwa tindikali au kwa mchanga uliopulizwa, hivyo umeingia kwenye kioo chenyewe. Alama iliyochapwa kwa rangi ni dalili ya glasi ya karibuni.

2. Soma herufi, kama zipo. VR ni Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. GR ni George V (1910–1936) au George VI (1936–1952). ER ina mtego: inaweza kuwa Edward VII (1901–1910) au Elizabeth II, aliyetawala kuanzia 1952. Hapo tazama umbo. Glasi isiyo na mkono, yenye uvimbe chini kidogo ya mdomo, ilienea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili.

3. Usidanganywe na namba. Namba iliyo chini ya taji ni ya ofisi ya ukaguzi wa vipimo. Si mwaka wala si namba ya kiwanda.

4. Tafuta herufi CE. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, alama ya CE ilichukua nafasi ya taji, ikifuatiwa na M na tarakimu mbili za mwaka. M07 maana yake ni 2007. Aidha, mwaka 2022 serikali ya Uingereza iliruhusu taji lirudi kama pambo tu. Kwa hiyo taji peke yake si ushahidi wa ukale.

Kumbuka pia kuwa glasi hizi zilitengenezwa kwa wingi mno. Nyufa au mdomo uliomeguka hushusha bei hata kama muhuri ni halisi.

Hata hivyo, muhuri huo hauna nguvu ya kisheria katika biashara ya Uganda leo. Vipimo husimamiwa na Shirika la Viwango la Uganda (UNBS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, na kipimo cha vimiminika ni lita. Chupa ya kawaida ya bia nchini ni mililita 500, pungufu ya painti kwa mililita 68. Glasi ya kale iuzwe kama kumbukumbu, isitumike kumpimia mteja.

Kwa wanaovuka Busia au Malaba: cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Glasi iliyotengenezwa Uingereza haihusiki, hata ikiwa imekaa Kampala miaka sitini. Itaje forodhani kama ilivyo.