Kazi ya Pili ya Helikopta

Kiasi cha mwaka 1910, zama ambazo ndege zilikuwa zingali vyombo vya mbao na kitambaa, shule ya marubani ya kampuni ya Antoinette, iliyokuwako Mourmelon katika Ufaransa, ilitengeneza chombo cha ajabu: nusu mbili za pipa zilizopachikwa moja juu ya nyingine, mwanafunzi ameketi juu yake na kushika magurudumu mawili ya kuongozea, na mbele yake pana fimbo iliyompasa ailinganishe na upeo wa macho, huku wenziwe wakilitikisa pipa kwa mikono ili wampotoshe. Chombo kile hakikuwa na injini wala hakikupata kuondoka ardhini, lakini ndani yake ilikuwamo fikra ambayo mpaka leo haijabatilika, nayo ni kwamba mkono wa mwanadamu waweza kufundishwa jambo la hatari mahali pasipo hatari, kwa sharti moja tu, kwamba kile ulichokishika kiujibu mkono huo kwa ukweli.

Aliyeikamilisha fikra hiyo alikuwa mtoto wa mtengeneza vinanda. Edwin Albert Link, aliyezaliwa mwaka 1904 na kukulia Binghamton katika jimbo la New York, alifanya kazi katika kiwanda cha babake cha piano na vinanda vya upepo, na kwa kuwa masomo ya urubani yalikuwa ghali mno siku zile, aliazimia kuunda, katika chumba cha chini cha kiwanda hicho, chombo ambacho mtu angejifunza ndani yake kabla ya kuanza kulipia saa za angani. Vinanda vya babake vilifanya kazi kwa pumzi, yaani pampu zilivuta hewa, vali zikafunguka na kufungika, na mivukuto ikajaa na kunywea. Link akaichukua mivukuto hiyo hiyo akaiweka chini ya kiwiliwili kidogo chenye mabawa mafupi, hata mwanafunzi alipoupeleka usukani kushoto, mvukuto wa upande ule ulinywea na chombo kizima kikainama. Kazi hiyo ilimchukua toka 1927 mpaka 1929. Naamini haikuwa sadfa kwamba jambo hili lilimfungukia fundi wa vinanda, kwani mtu wa kazi hiyo, kuliko wahandisi wengi, hujua uzito wa kibonye chini ya kidole, na hujua kwamba mpigaji hutambua upungufu wa uzito huo kabla sikio lake halijatambua upungufu wa sauti.

Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya michezo na tafrija, na jeshi halikumjali mpaka mauti yalipolifundisha. Katika Februari 1934 serikali ya Marekani ilivunja mikataba ya makampuni yaliyosafirisha barua kwa ndege, ikawakabidhi kazi hiyo marubani wa jeshi, ambao wengi wao hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni kwa kutegemea saa za vipimo peke yake, na kwa muda wa majuma machache zaidi ya kumi kati yao wakafa. Mwaka huo huo jeshi likanunua vyombo sita vya Link, kila kimoja kwa dola 3,500. Na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimeundwa zaidi ya 10,000, na marubani wa mataifa mengi wakawa wamepita ndani ya visanduku vile vya rangi ya buluu.

Helikopta, hata hivyo, ilikuwa mtihani mwingine kabisa. Igor Sikorsky alipoinua chombo chake VS-300 huko Stratford, Connecticut, tarehe 14 Septemba 1939, alikiinua kikiwa kimefungwa kamba, wala hakuwa mwoga: ndege ya mabawa, iwapo rubani ataiachia kidogo, aghlabu huendelea na mwendo wake, ilhali helikopta iliyosimama hewani haina hata nukta moja ya utulivu. Mkono wa kulia hushika usukani ulio baina ya magoti, unaoinamisha duara la rafadha kuu; mkono wa kushoto hushika wenzo unaoongeza au kupunguza mbetuko wa mapanga yote kwa pamoja, na kwa hiyo nguvu ya kunyanyua; miguu yote miwili hukaa juu ya pedali zinazotawala rafadha ya mkia, ambayo kazi yake ni kukizuia kiwiliwili kisizunguke kinyume cha rafadha kuu. Kugusa kimojawapo ni kuviharibu viwili vilivyosalia. Ukiinua wenzo, pua hugeuka. Ukiirudisha pua kwa mguu, nguvu hubadilika. Ukiifuata nguvu, umeshasogea pembeni. Rubani stadi hafikiri lolote katika hayo, bali viungo vyake hufanya vyenyewe, na maarifa yaliyokaa viungoni ndiyo magumu kuliko yote kuyapa chombo cha bandia.

Jeshi la Majini la Marekani lilipata ushahidi wa jambo hilo mapema, na kwa njia ambayo halikuitazamia. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 lilikuwa na chombo kilichoitwa 2-FH-2, cha kufundishia kusimama hewani kwa helikopta, nacho kilikuwa na picha pana mbele ya mwanafunzi lakini kiti chake kilikuwa kimetulia kabisa. Watu walitoka ndani yake na kizunguzungu na kichefuchefu, na wachunguzi walipowauliza, ilidhihirika kwamba walioumia zaidi walikuwa walimu, watu wenye mamia ya saa za kuruka, kuliko wanafunzi wasiojua kitu. Mwanafunzi hakuwa na kumbukumbu ya kuipinga picha ile, ilhali kiwiliwili cha mwalimu kilijua wazi kwamba helikopta ya kweli ikisogea hivyo, kiti nacho husogea, na kwa kutokuusikia msogeo huo kikaasi. Habari hii, ambayo ni miongoni mwa za kwanza kuandikwa juu ya maradhi ya simuleta (ndivyo vyombo hivi vya kuigizia kuruka viitwavyo), naiona kuwa ndiyo kiini cha historia yote iliyofuata, maana toka hapo haikuwezekana tena kumwonyesha rubani dunia bila ya kumshikisha na kumtikisa kama inavyopasa.

Kisha ikaja Vietnam. Helikopta kiasi cha 12,000 za Marekani zilihudumu katika vita vile, na zaidi ya 5,000 ziliangamia; vijana walipelekwa kwa maelfu Fort Wolters katika Texas, na baadaye Fort Rucker katika Alabama, wakafundishwe upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Fort Rucker, jeshi lilianza kutumia chombo 2B24, kilichoundwa na tawi la Link la kampuni ya Singer, nacho kilikuwa ni vyumba vinne vya rubani vya helikopta ya Bell UH-1, kila kimoja juu ya jukwaa lake linaloyumba, na vyote vikiongozwa na kompyuta. Hakikuwa na picha ya nje hata moja, kwa kuwa kilikusudiwa kufundishia kuruka kwa saa za vipimo tu, lakini kilithibitisha kwamba sehemu kubwa ya masomo ya namna hiyo yaweza kuhamishwa kutoka angani kuja ardhini, na mwanafunzi asipungukiwe.

Jukwaa la kutikisia simuleta nalo lina nasaba ya kupendeza. Mhandisi Eric Gough, katika kiwanda cha matairi cha Dunlop huko Birmingham, alibuni katika miaka ya 1950 meza iliyobebwa na miguu sita inayorefuka na kufupika, ili apate kulijaribu tairi katika kila hali ya mzigo. Na huko Philadelphia, pasipo kujua habari za Gough, Klaus Cappel wa Franklin Institute alifikia umbo hilo hilo alipokuwa akitafuta njia ya kutikisa vitu, kisha watu wa Sikorsky wakamwendea wakitaka awaundie simuleta ya helikopta yenye kusogea katika pande zote sita. Kwa hiyo miguu sita tunayoiona leo chini ya simuleta za ndege kubwa za abiria iliingia katika kazi hii kwa mlango wa helikopta.

Sasa ndipo niseme habari za helikopta zilizostaafu, ambazo ndizo zilizonivuta kuandika. Helikopta haizeeki kama vyombo vingine. Huzeeka kwa hesabu. Mapanga, giaboksi, mihimili na bearing zake, kila kimoja kina saa zake zilizowekewa mpaka, na siku hesabu inapotimia, chombo hushushwa hata kama macho hayaoni dosari. Robinson R22, helikopta ndogo iliyofundisha watu wengi mno tangu ilipoidhinishwa mwaka 1979, lazima ifunguliwe yote na kujengwa upya baada ya saa 2,200 au miaka 12, na gharama ya kazi hiyo ni kubwa kiasi cha kumfanya mwenye chombo afikirie kununua kipya. Bell JetRanger, iliyotengenezwa toka miaka ya 1960 mpaka 2010, imeacha duniani viwiliwili vingi vilivyokwisha muda wake. Hivyo yawezekana kukuta, katika kona ya banda la ndege, chombo kisichoruhusiwa tena kuruka milele, na papo hapo chumba chake cha rubani ni kizima, na viti vyake vimekaliwa na marubani wa miaka ishirini.

Fundi anayekichukua ili akigeuze kuwa simuleta huanza kwa kuondoa. Mafuta na oili hukamuliwa, injini na giaboksi hushushwa, rafadha hutolewa, na mkia hukatwa. Kibati chenye nambari ya kiwiliwili huondolewa, na vipuri vilivyokwisha saa zake huharibiwa makusudi, ili pasitokee mtu mwenye tamaa akavirudisha angani kwa hila. Kinachosalia ni chumba, milango, madirisha, viti, dashibodi na nyenzo zake, na huo ndio utajiri wenyewe. Fundi angeweza kuchonga chumba kipya kwa plastiki na chuma, nacho kingefanana, lakini angehitaji miaka kuupata umbali halisi kati ya goti na usukani, ugumu wa swichi ya taa, mlio wa kitasa, na ule uwazi mdogo chini ya miguu ambamo rubani huitazama ardhi anapotua. Yote hayo kiwiliwili kilichostaafu huja nayo bure.

Kazi ngumu hufuata. Saa za vipimo hufunguliwa, vyombo vyake vya ndani vikatolewa na kuwekwa mota ndogo zinazotii kompyuta, au, zinapobakizwa kama zilivyo, hupewa umeme wa mizunguko 400 kwa sekunde zilizouzoea angani, ambao haupatikani katika nyumba ya mtu. Kila swichi hufuatwa kwa waya wake mpaka kwenye kadi inayoipasha kompyuta habari. Lakini mahali ambapo mafundi wema hutumia miezi, na wavivu hutumia juma moja, ni katika uzito wa usukani. Katika helikopta ya kweli, usukani huzungumza na mkono: katika R22, isiyo na msaada wa haidroli, mtikisiko wa rafadha huufikia kiganja, na katika JetRanger mwalimu akizima haidroli, usukani uliokuwa mwepesi huwa mzito ghafla, na mwanafunzi sharti autawale hivyo hivyo mpaka atue. Kwa hiyo fimbo zilizokuwa zikielekea kwenye rafadha hukatwa na kuunganishwa na mota zenye nguvu, ambazo kompyuta huziamuru zisukume, ziachie, au zitetemeke kwa kadiri ya mwendo. Chini ya viti huwekwa kitikisishi, kwani hata kutetemeka kuna hesabu yake: rafadha ya UH-1 huzunguka mara 324 kwa dakika, na kwa kuwa ina mapanga mawili, rubani hutikiswa karibu mara kumi na moja kila sekunde, na mtikisiko ule ukipotea, yule aliyeizoea huona kana kwamba amekaa sebuleni.

Picha nayo ilikuwa na tabu zake. Katika simuleta za ndege za abiria yatosha kuona mbele na pembeni, lakini rubani wa helikopta hutua kwa kutazama chini ya miguu yake na nje ya dirisha la ubavuni, na husimama hewani kwa kuyakazia macho majani na kokoto. Ndiyo maana kiwiliwili huwekwa ndani ya kuba jeupe na projekta kadhaa zikaunganisha picha zake. Kanuni za Marekani za kupima simuleta, ambazo huzipanga kwa madaraja ya herufi lakini hazikuiwekea helikopta daraja A hata kidogo bali huanzia B, hudai katika daraja D, la juu kabisa, uwanda wa kuona wa nyuzi 176 kwa upana na 56 kwa kimo, na picha ianze kuitika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde tangu mkono uliposogea. Kisha chombo hulinganishwa na rekodi za helikopta halisi ya aina ile: kuondoka, kusimama, kuzima injini na kushuka kwa mzunguko wa rafadha pekee, jambo ambalo katika R22 humwachia mwanafunzi muda wa sekunde moja hivi kuteremsha wenzo kabla mapanga hayajapoteza kasi, na ambalo kwa sababu hiyo hiyo watu walikufa wakilifanyia mazoezi.

Siku hizi wapo wanaosema kwamba kiwiliwili na kuba vyote vimepitwa, kwa sababu miwani yenye skrini humwonyesha rubani dunia nzima popote anapogeuza kichwa. Hilo si geni kwa helikopta: Ivan Sutherland, aliyeunda miwani ya kwanza ya namna hiyo kufikia 1968, alikuwa ameona majaribio ya Bell Helicopter, ambamo kamera iliyofungwa chini ya helikopta ilifuata kichwa cha rubani ili apate kutua usiku. Na katika Aprili 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliidhinisha simuleta ya kwanza ya miwani, nayo ilikuwa ya R22. Wajenzi wake walilifuta kuba, wakazifuta projekta, na ndege yote inayoonekana kwa macho wakaifanya kuwa picha. Lakini mbele ya rubani waliacha kiti, pedali, wenzo na usukani vyenye vipimo vya helikopta yenyewe, na chini yake wakaweka jukwaa la miguu sita.