Pingu: Chagua Zenye Komeo la Pili Jepesi Kufunga

Kabla sijashika kalamu, nilikuwa bawabu katika yadi moja hapa Mombasa. Usiku mmoja tulimkamata kijana akiruka ukuta. Nikamtia pingu, tukampakia garini hadi kituoni. Njiani, kila alipojitikisa, pingu zilizidi kumbana. Zilipofunguliwa, kidole gumba chake kilikuwa kimekufa ganzi. Wiki kadhaa baadaye mamake alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwanangu, mkono wa huyu mtoto utarudi lini?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa moja: sikufunga komeo la pili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa wewe au kijana wako anafanya kazi ya ulinzi, nisikilize.

Pingu za kawaida zina makomeo mawili. La kwanza hushika meno ili pingu isifunguke, lakini haliizuii kuendelea kukaza. La pili ndilo linaloganda meno yasiende mbele wala nyuma. Pia linamzuia mfungwa kuchomeka kibati chembamba ili kuyateleza meno. Bila komeo hilo, chuma hubana mshipa wa fahamu unaopita karibu na ngozi, upande wa kidole gumba, na ganzi yake huweza kudumu kwa muda mrefu.

Sasa, komeo hili hufungwa kwa ile ncha ndogo iliyo kwenye ufunguo. Pingu zinatofautiana hapa. Nyingine, kama zile za kawaida za Peerless, zina kitundu: unaingiza ncha na kubonyeza moja kwa moja ndani. Nyingine zina mwanya mrefu: unaingiza ncha kisha unaisukuma pembeni. Smith & Wesson wametengeneza za aina zote mbili. Kitundu hakina matata mchana, mtu akiwa ametulia. Gizani, mikono ikitoka jasho, kukitafuta ni kazi. Mwanya huonekana haraka na kidole huupata kwa kupapasa, ila lazima ujue unasukumwa upande gani.

Usinunue kwa macho. Dukani, fanya hivi:

1. Fumba macho, ufunge komeo la pili pande zote mbili. Ukihangaika dukani, usiku utaliacha.
2. Bana pingu kwa nguvu baada ya kulifunga. Ukisikia jino jingine likilia, iache.
3. Fungua. Kwa kawaida ufunguo huzungushwa kwanza upande mmoja kulegeza komeo la pili, kisha upande wa pili kufungua pingu. Usilazimishe.
4. Tazama ufunguo. Mrefu hushikika vizuri kuliko ule mdogo, na ncha isiwe imelika.

Hapa Pwani ongeza jambo la tano: chumvi. Chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko kilichopakwa rangi ya kung'aa tu. Mchanga ukiingia kwenye tundu, komeo hukwama. Safisha na utie tone la mafuta ya cherehani.

Wapo wanaohofia kwamba komeo jepesi ni hatari. La hasha. Wepesi wa kulifunga si wepesi wa kulifungua. Bado linahitaji ufunguo.

Tena hili si suala la huruma pekee. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Sura ya 75, kinasema aliyekamatwa asizuiwe kupita kiasi kinachohitajika asitoroke. Na raia aliyemkamata mtu anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Kwa hivyo, ukishamfunga, acha nafasi ya ncha ya kidole kati ya chuma na mfupa, funga komeo la pili, ndipo umwondoe. Mtu aliye katika pingu zako ni amana, hata kama ameruka ukuta.