Mchele wa Wei Yongzhi

Historia rasmi ya nasaba ya Jin, iliyotawala China hadi mwaka 420, imetuhifadhia habari za kijana fukara aitwaye Wei Yongzhi, aliyezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, yaani mdomo sungura. Akiwa na umri wa miaka 18 alisikia kwamba gavana wa Jingzhou, Yin Zhongkan, alikuwa na tabibu awezaye kuutengeneza. Akafunga safari na vipimo vichache vya mchele, akabisha hodi.

Tabibu alimwambia kuwa mdomo ungekatwa na kuunganishwa, lakini kwa siku 100 asile ila uji mwepesi, asiseme wala asicheke. Kijana akajibu kwamba hata angetakiwa kunyamaza nusu ya umri wake, nusu iliyobaki ingemtosha. Gavana akampa chumba cha peke yake na kuagiza atibiwe vyema. Alipona, na miaka baadaye akawa yeye mwenyewe gavana wa Jingzhou. Jina la tabibu halikuandikwa. Waandishi wa dola hukumbuka magavana.

Naomba msomaji akitazame kile chumba na ule uji. Ufundi wa kisu umesonga mbele mno: mwaka 1955 Mmarekani Ralph Millard, aliyewahi kuwapasua watoto wa Korea, aliwasilisha mjini Stockholm namna ya kuzungusha nyama ya mdomo ili kovu lifuate mstari wa asili. Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote wapasuaji wa kurekebisha maumbile, waliasisi huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref.

Hata hivyo, kanuni ya miaka mingi ya wapasuaji humtaka mtoto awe na wiki 10, uzito wa takriban kilo 4.5 na damu ya kutosha. Mtoto ambaye kaakaa lake nalo limepasuka hushindwa kunyonya, hukonda, na huweza kurudishwa nyumbani kutoka kwenye kambi ya upasuaji wa bure kwa sababu ya mizani. Bure hiyo mara nyingine ni ya kisu tu. Maziwa ya kukamua na kunywesha kwa kijiko, muuguzi wa kumwelekeza mama, nauli na mahali pa kulala huweza kuachiwa familia. Wei alikuwa na miaka 18, na alijibebea mchele wake.