Betri ya sola
Betri ya sola ni betri inayohifadhi umeme uliozalishwa na paneli za sola mchana ili utumike usiku au wakati wa mawingu.

Ukubwa wake huchaguliwa kwa kujumlisha matumizi ya nyumba kwa siku. Kwa mfano, taa 4 za wati 5 zikiwaka kwa saa 5 hutumia wati-saa 100.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Hata hivyo, betri ya risasi na asidi ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara huharibika mapema. Hivyo zinazofaa kutumika ni takriban 600 tu. Betri ya lithiamu huruhusu asilimia 80 au zaidi, lakini kwa kawaida bei yake ni kubwa.